Unasikiliza Jazi Gani Siku Hizi? Mwongozo wa Kujibu Bila Kuumbuka

Swali hili haliulizwi na adui. Huulizwa na mtu mpole mwenye glasi mkononi na shati la kitani, amesimama mbele ya rafu ya santuri zilizopangwa kwa alfabeti: "Na wewe, siku hizi unasikiliza jazi gani?" Mpenzi wa taarabu akiulizwa swali kama hilo hutaja wimbo na kuanza kuuimba hapo hapo. Wa singeli huchomoa simu na kuwavurugia watu mazungumzo. Mpenzi wa jazi hunyamaza kwanza. Hutazama dari. Hushusha pumzi polepole, kuonyesha kwamba orodha ni ndefu na huenda usiihimili yote. Kisha hutaja jina moja ambalo hujawahi kulisikia, na kuanzia hapo usiku mzima ni wake.

Mwongozo huu umeandikwa ili mtu huyo awe wewe. Hauhitaji ujue muziki. Ungekuwa unaujua, saa hizi ungekuwa nyumbani unausikiliza.

Kinachowamaliza wageni wengi ni kusema ukweli. Ukweli, kwa wengi wetu, ni Kind of Blue ya Miles Davis, na ukweli huo hauna soko. Albamu hiyo ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, na kundi ambalo kila mmoja wao angeweza kuanzisha dhehebu lake: John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano (Wynton Kelly alimpokea kwa kibao kimoja), Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye dramu. Ina kasoro moja tu, nayo ni kwamba kila mtu anaipenda. Desemba 2009, ilipotimiza miaka 50, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura ya azimio la kuienzi, na matokeo yakawa 409 kwa 0. Hebu fikiria watu wale, namna wanavyopatana. Kitu walichokubaliana wote bila hata mmoja kukohoa, wewe ukikitaja sebuleni kwa watu utaonekana mtu wa kawaida, na hakuna aliyeingia kwenye jazi ili awe mtu wa kawaida.

Njia ya kuitaja bila kushuka hadhi ipo: ilalamikie. Katika kikao cha Machi, mashine iliyorekodi kanda kuu ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko ilivyopaswa, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa kasi sahihi, vibao vyote vitatu vya upande wa kwanza vikatoka na sauti ya juu kidogo kuliko ilivyopigwa. Kasoro hiyo haikurekebishwa hadi miaka ya 1990. Yaani kwa zaidi ya miaka 30, wajuzi wa dunia nzima walifumba macho na kutikisa vichwa mbele ya muziki uliopinda, na biashara ikaendelea. Wewe sema tu, kwa sauti ya chini: "Mimi nina lile toleo lililorekebishwa. Ukishalizoea, la zamani linakukwaruza." Usijaribu kuonyesha tofauti kwa kupiga mluzi.

Ukiombwa albamu mpya, taja ya marehemu. John Coltrane alifariki Julai 1967, na tangu hapo amewapita vijana wengi kwa bidii. Mwaka 2018 alitoa Both Directions at Once, iliyorekodiwa Machi 1963, nakala yake ikiwa imebaki kwa familia ya mke wake wa kwanza. Mwaka 2021 ikatoka A Love Supreme aliyoipiga mbele ya watu katika klabu moja ya Seattle mwaka 1965, kanda ambayo mwanamuziki mwenzake aliihifadhi na ikakaa zaidi ya nusu karne bila kutolewa. Mwaka 2023 ikaja Evenings at the Village Gate, akiwa na Eric Dolphy mwaka 1961. Hiyo ya mwisho ndiyo nakupendekezea. Ilirekodiwa kwa maikrofoni moja na fundi aliyekuwa akijaribu mitambo mipya ya klabu, kisha kanda ikapotea, ikaja kuibukia katika maktaba ya umma ya New York. Dramu za Elvin Jones zinasikika kuliko kila kitu, na besi unaitafuta. Yote hayo ni mtaji. Mtu akisema haielewi vizuri, mjibu kwamba mwanzoni hata wewe ilikusumbua. Na hakuna atakayekuambia albamu hiyo imepitwa na wakati, maana ilizaliwa ikiwa imeshapitwa.

Atakuwapo mmoja atakayetaka jina la mtu aliye hai. Mridhishe. Charles Lloyd, mpiga saksafoni, alitoa albamu maradufu Machi 2024, siku aliyotimiza miaka 86. Huyo ni kijana wa kutosha. Ukitaka mdogo zaidi itabidi uende London, lakini kanyaga taratibu. Ezra Collective walishinda tuzo ya Mercury mwaka 2023, kundi la kwanza la jazi kuichukua, na muziki wao watu wanaucheza. Hilo peke yake linawaondoa kwenye orodha yetu. Salama yako iko kwa Nala Sinephro na albamu yake Endlessness ya 2024, ambamo kinubi na sinthesaiza hutiririka bila kukupa mahali pa kupiga makofi. Unaweza pia kutaja filimbi. Shabaka Hutchings, mmoja wa wapuliza saksafoni wakali wa kizazi chake, aliiweka chini saksafoni mwishoni mwa 2023 akashika filimbi, na mwaka uliofuata akatoa albamu tulivu ya filimbi. Muda mfupi kabla yake, André 3000 wa OutKast alitoa yake ya filimbi pia, na kibao cha kwanza kina jina refu la kuomba radhi kwamba alitaka kweli kutoa rapu ila upepo ukampeleka kwingine. Kwa hiyo, mtu akikuuliza jazi inaelekea wapi, jibu kwa neno moja, "filimbi", kisha nenda kajaze sahani yako.

Kwa wenye haraka kuna The Epic ya Kamasi Washington, ya mwaka 2015. Ni diski tatu, karibu saa tatu nzima. Inakufaa kwa mwaka mzima, kwani kila ukiulizwa utasema umefika diski ya pili, na hakuna mwenye moyo wa kukuuliza ya tatu inaishaje. Na kwa wanaopenda kuonekana wamesafiri kuna Scenery ya Ryo Fukui, Mjapani aliyeanza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 22. Ilitoka mwaka 1976, ikabaki haijulikani sana nje ya Japani kwa miongo kadhaa, mpaka YouTube ilipoanza kuwasukumia watu waliokuwa wakitafuta muziki wa kusomea mtihani. Leo inapendwa kila pembe ya dunia, na kila anayeipenda anaamini aliivumbua peke yake. Usimkatishe tamaa. Mwambie wewe uliambiwa habari zake na mtu wa Sapporo, mji ambao Fukui aliendeshea klabu yake. Sapporo ni mbali, hakuna atakayekwenda kuhakikisha.

Sasa tuingie kwenye kitu chenyewe, yaani plastiki.

Msikilizaji wa kweli hasikilizi albamu, anaimiliki. Na albamu inayomilikiwa kuliko zote ni ya Blue Note, lebo iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mkimbizi kutoka Berlin, kisha rafiki yake Francis Wolff akaungana naye na kamera yake. Fundi wao wa sauti kwa miaka mingi alikuwa Rudy Van Gelder, mpima macho aliyeanza kurekodi sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Hayo yote ni mazuri kuyajua, lakini kitakachokupa heshima ni kile kieneo kitupu kati ya muziki na karatasi ya katikati. Chukua santuri ya mwenyeji wako kwa viganja, usiguse mistari, iinamishe kwenye taa, ikodolee. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni herufi RVG, alama ya Van Gelder. Cha pili ni kialama kidogo cha kiwanda cha Plastylite kilichozichapa santuri hizo hadi mwaka 1966; ni herufi P ya mwandiko wa mkono, lakini imepinda kiasi kwamba wakusanyaji huiita sikio. Sikio likiwapo, bei inapanda mara nyingi. Lisipokuwapo, irudishe santuri kwenye jalada bila kusema neno na umpige mwenyeji begani kwa huruma.

Ndivyo mambo yalivyo. Watu wazima wanashinda minadani wakitafuta sikio la kwenye plastiki, na yale mawili waliyozaliwa nayo hayaulizwi bei.

Majalada nayo yajue. Yale ya Blue Note yenye rangi moja, herufi zilizoruka huku na huku na picha ya mtu aliyezama kwenye moshi wa sigara, mengi yalibuniwa na Reid Miles kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Yanauzwa leo yakiwa mabango, fulana na vikombe vya kahawa. Miles mwenyewe hakuwa mpenzi wa jazi. Alipenda muziki wa klasiki, na inasimuliwa kwamba santuri alizopewa kwa kazi yake alikuwa akizigawa au kuzibadilishana. Basi mtu aliyeipa jazi sura yake hakuwa akiisikiliza. Unaona sasa kwamba njia tunayokuonyesha ina wazee wake.

Ushahidi mzito zaidi uko chini ya ardhi, katika klabu ya Village Vanguard, mtaa wa Seventh Avenue South, New York. Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans alipiga hapo awamu tano kuanzia mchana hadi usiku, akiwa na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Kanda za siku ile zilizaa albamu mbili, Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby, ambazo hadi leo hazikosekani kwenye orodha ya mtu yeyote anayejiheshimu. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai, akiwa na miaka 25. Wapenzi wa jazi huziongelea kanda hizo kwa sauti ya msibani.

Zisikilize, au afadhali mwombe mtu akusikilizie. Utasikia glasi zikigongana. Utasikia mazungumzo ya mezani na kicheko cha mtu katikati ya muziki mpole kuliko wote. Watu wa Jumapili ile walikuwa wamekuja kunywa, kuongea na kumtazama mchumba wa mwenzao. Mbele yao watatu wale walikuwa wakizungumza kwa ala kwa namna ambayo wapiga piano wa dunia nzima wameiiga tangu hapo, na wao wakaendelea na stori zao. Na sisi leo tunanunua spika za bei ya pikipiki ili tuwasikie vizuri zaidi wakiwa hawasikilizi. Kuna wanaojua glasi ipi inalia dakika ya ngapi. Ukitaka kumfunga mdomo mtu wa santuri, mwambie: "Ile glasi, kwenye toleo langu, iko upande wa kushoto kabisa." Ataumia siku mbili.

Kuhusu mwili wako wakati muziki unapigwa, sheria ni chache. Usicheze. Usitikise bega. Mguu unaweza kuugusisha sakafuni, lakini hakikisha kwanza umejua mapigo, maana hapo ndipo wengi wameumbuliwa. Take Five, ya kundi la Dave Brubeck mwaka 1959, iliyotungwa na mpiga saksafoni wake Paul Desmond, ina mapigo matano, na mwili uliolelewa kwenye mdundo wa nne utafika mwisho wa mstari kabla ya muziki na kubaki unasubiri mbele za watu. Dawa ni kutikisa kichwa mara moja moja tu, kwa kuchelewa kidogo, na kusema "mmh" baada ya kitu ambacho hakuna mwingine aliyekigundua. Kuguna kunaruhusiwa. Keith Jarrett anaguna na kulia waziwazi katika The Köln Concert, iliyorekodiwa Januari 1975 kwenye piano mbovu ambayo nusura imfanye akatae kupiga, na albamu hiyo imeuzwa kwa mamilioni.

Msomaji wa Kiswahili una turufu ambayo mkusanyaji wa Brooklyn hana, hata awe na santuri 5,000. Ukiwa ughaibuni itoe mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanamuziki kadhaa Weusi wa Marekani walijipa majina ya Kiswahili, na matokeo yake ni albamu ya Herbie Hancock iitwayo Mwandishi, iliyorekodiwa San Francisco usiku wa kuamkia mwaka 1971. Mwandishi alikuwa Hancock mwenyewe. Mchezaji alikuwa Buster Williams kwenye besi, Jabali ni Billy Hart kwenye dramu, Pepo ni Julian Priester kwenye tromboni, Mwile ni Bennie Maupin mwenye ala za mwanzi, na Mganga ni Eddie Henderson mwenye tarumbeta, ambaye kweli alikuwa amehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard na kutibu wagonjwa wa akili. Kibao cha kwanza kinakwenda kwa mapigo kumi na tano, kwa hiyo mguu usiugusishe kabisa. Jabali, akiwa na miaka zaidi ya 80, alitoa albamu nyingine mwaka 2025. Mwenyeji wako ayajue hayo yote, bado hawezi kuita majina hayo kwa sauti bila kukutazama usoni akiomba kibali. Mpe kibali nusu.

Mwaka mmoja kabla ya Mwandishi ilitoka albamu ya Albert Heath, Hancock akiwa kwenye piano, nayo inaitwa Kawaida. Ukiulizwa unasikiliza nini siku hizi, sema "Kawaida". Mswahili mwenzako atadhani huna jipya, aanze kukuonea huruma, na hapo ndipo unapomwagia jina la msanii, mwaka na orodha ya wapigaji.

Hatari kubwa ya mchezo huu haitatoka kwa mkusanyaji wa santuri. Itatoka pembeni ya chumba, kwa mzee aliyekaa kwenye kiti kimoja tangu magharibi. Ukitamka jazi atainua kichwa. Yeye jazi anaijua: Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe kabla hajahama mwaka 1973 kwenda kuunda Super Volcano. Usithubutu kumweleza kwamba ile ilikuwa dansi na rumba, kwamba bendi zilibeba jina tu. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza, "Hiyo yako mwanangu, inachezwaje?" Halafu atakuimbia gitaa. Si maneno, gitaa lenyewe, solo nzima, mzunguko hadi mzunguko, na pale mpigaji alipoteleza enzi hizo naye atateleza. Mtu wa namna hiyo hana hata santuri moja, hajui alama ya sikio ni nini, na hakuna turufu yako inayomfikia. Mwamkie, mletee soda, ukakae mbali naye.

Limebaki jambo moja ambalo miongozo mingine hulificha. Ukishika santuri hizi mara kwa mara, siku moja unaweza kusikiliza kwa bahati mbaya. Mara nyingi ajali huanzia kwenye Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960 na kupangiwa ala na Melba Liston. Unaiweka kwa sababu umesoma kwamba Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964, habari nzuri sana ya kusimulia mezani. Kabla hujajipanga, ngoma zinaanza na sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, inasoma kwa Kiswahili maneno ya Langston Hughes, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu wenyewe. Umesimama katikati ya chumba na jalada mkononi, na umesahau kuangalia kama lina mkunjo.

Likikufika hilo, usiite mtu. Usiandike popote. Geuza upande wa pili, uone kama hali inazidi. Ikizidi, utajikuta umerudi kwenye ile Kind of Blue ya wabunge 409, upande wa kwanza, mara ya tatu jioni hiyo hiyo, chakula kikipoa mezani. Mwenzako akifungua mlango akakukuta na macho mekundu, futa uso na umwambie unajaribu spika.